Mpwa wangu, kabla hujaanza uchungaji Iowa, mfahamu kwanza Koren

Mpwa wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe! Mama yako ameshanipa habari kwamba barua ya wito imefika, na kwamba utakwenda kaskazini-mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani, kuhudumia usharika wa Kilutheri ulioanzishwa na Wanorwei. Hongera sana. Umeuliza wale watu ni akina nani, na mchungaji wao wa mwanzo, Koren, aliishije. Naandika wazi ili na wengine wa Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanaoitwa huko wapate kusoma, wajue wanaingia nyumba ya nani.

Anza na barua yenyewe ya wito, maana ndiyo ufunguo wa mengine yote. Norwei ya wakati ule mchungaji alikuwa mtumishi wa mfalme. Aliteuliwa na serikali, akapewa nyumba na shamba la kanisa, na kila mtoto aliyezaliwa katika eneo lake alikuwa wake kubatiza, apende asipende. Waliposhuka Marekani, vyote hivyo vilibaki upande wa pili wa bahari. Hakuna mfalme, hakuna shamba la kanisa, wala hakuna mshirika mpaka mtu mwenyewe aseme, "Niandike." Wakulima ndio waliokaa, wakaandika barua, wakaahidi mshahara, wakaituma Norwei kuomba mchungaji. Aliyezoea kuteuliwa sasa anaitwa na watu, na wanaomwita ndio wanaomlisha.

Mchungaji J.W.C. Dietrichson alilitambua hilo mapema. Alifika Koshkonong, Wisconsin, mwaka 1844, nauli yake ikiwa imelipwa na mtia rangi vitambaa mmoja wa mji wa Christiania, ndio Oslo ya leo. Hakukubali kuhesabu watu kwa kuangalia nani Mnorwei. Alimwuliza kila mtu maswali manne: Unataka kuwa mshirika wa usharika huu? Utakubali taratibu za Kanisa la Norwei? Utaahidi kutompokea mchungaji mwingine ila yule aliyeitwa na kuwekewa mikono kwa utaratibu? Utaandika jina lako, au kuruhusu liandikwe? Hapo ndipo daftari la usharika lilipoanzia. Alikuwa mkali. Mlevi mmoja aliyetengwa na usharika akaendelea kung'ang'ania kuja kanisani alitolewa nje. Yule mtu akaenda mahakamani na mchungaji akatozwa faini. Sheria ya Norwei ingemlinda. Ya Wisconsin haikumjua.

Sasa nije kwa Ulrik Vilhelm Koren, huyo ndiye wa eneo lako. Alizaliwa Bergen mwaka 1826, akasoma teolojia Christiania, na mwaka 1853 akabarikiwa uchungaji, akamwoa Elisabeth Hysing, akasafiri. Ndiye mchungaji wa kwanza wa Kilutheri kutoka Norwei kufanya makao magharibi ya mto Mississippi. Walifika Washington Prairie, karibu na Decorah, wakati wa Krismasi. Nyumba ya mchungaji haikuwapo. Wakapokelewa na familia ya Egge katika nyumba ya magogo yenye chumba kimoja, futi 14 kwa 16, yaani kama mita 4.3 kwa 4.9. Ndani humo walilala watu sita: Egge, mkewe, watoto wao wawili, na hao maharusi, pazia likiwatenga. Hotuba ya Jumapili iliandikwa mezani palepale pa kulia chakula, mtoto akilia upande mmoja na chungu kikichemka upande mwingine.

Kazi yenyewe utaielewa upesi kuliko Wamarekani wengi, kwa sababu ni ileile ya mchungaji mmoja mwenye mitaa mingi. Koren alizunguka kaskazini-mashariki mwa Iowa na kuvuka hadi Minnesota, kwa farasi, kwa gari la kukokotwa, na wakati wa theluji kwa sleji. Mahali pamoja aliweza kufika mara chache tu kwa mwaka, na siku akifika mambo yote ya miezi yanamsubiri mlangoni.

Siku hiyo iende vizuri, mambo haya yalitakiwa yawe tayari. Wanaotaka kushiriki Chakula cha Bwana wajitambulishe kwanza kwa mchungaji, majina yaandikwe. Kisha maungamo. Kwa desturi ya Norwei ondoleo la dhambi halikutamkwa kwa wote kwa pamoja: walipiga magoti wawili wawili, mchungaji akaweka mikono juu ya vichwa vyao na kulitamka. Piga hesabu, washiriki 100 ni mara 50, kabla hata hotuba haijaanza. Halafu ibada, hotuba ndefu, Meza ya Bwana, ubatizo wa watoto waliozaliwa tangu ziara iliyopita, ndoa kama zipo, na kuwasikiliza watoto wa kipaimara. Haya yote katika sebule ya mkulima au ghalani, watu wakiwa wamesimama mpaka nje.

Mavazi nayo ni kazi peke yake. Joho jeusi, na shingoni kola nyeupe ya mikunjo, pana kama sahani, ile unayoiona kwenye picha za zamani. Kola ile hufuliwa, hutiwa stachi, kisha mikunjo husimamishwa mmoja mmoja mpaka ikauke imara. Ikilowa mvua njiani hulala chini kama jani la mgomba lililoungua. Kwa hiyo ilisafiri katika kijisanduku chake cha duara, juu ya mizigo yote. Aliyeiandaa si mchungaji.

Na Jumapili ambazo mchungaji hayupo, ambazo ndizo nyingi? Hapa ndipo ninapotaka usimame, mpwa wangu. Kulikuwa na karani wa kanisa, wao walimwita klokker. Ni mkulima wa kawaida anayesoma vizuri na mwenye sauti. Ibada ilifunguliwa na kufungwa kwa sala yake, na nyimbo aliziongoza yeye. Kinanda hakikuwapo. Badala yake walitumia salmodikoni, kisanduku chembamba chenye uzi mmoja unaopigwa kwa upinde, na chini ya uzi zimeandikwa namba za sauti. Fundi wa kawaida aliweza kuitengeneza kwa mbao za nyumbani, na asiyejua noti alifuata namba tu. Mchungaji asipokuwapo, karani alisoma hotuba kutoka kitabuni. Utaona mara moja kwamba huyu ni ndugu wa mwinjilisti wetu wa mtaa.

Tofauti ni kwamba mwinjilisti wetu huhubiri kwa maneno yake, na kwao hilo lilikuwa moto. Norwei sheria ya 1741 ilizuia mikutano ya walei bila ruhusa ya mchungaji, nayo ilifutwa mwaka 1842 tu. Hans Nielsen Hauge, mkulima mhubiri, alikaa gerezani miaka mingi kwa sababu hiyo. Wafuasi wake wengi walihamia Marekani, na mmoja wao, Elling Eielsen, alihubiri Wisconsin kabla ya wachungaji wasomi hawajafika. Wachungaji wa Sinodi ya Norwei, yaani umoja wa sharika za Wanorwei huko Marekani ulioundwa mwaka 1853, walishika kifungu cha 14 cha Ungamo la Augsburg, ungamo kuu la Walutheri: asifundishe hadharani ila aliyeitwa kwa utaratibu. Wana hoja, maana mhubiri wa barabarani asiye na usharika hakuwa na wa kumwajibisha. Lakini naona walikaza kamba kupita kiasi, huku kazi yao yote imebebwa na walei.

Ushahidi wake ni makaburi. Kipindupindu kiliwaua wahamiaji wengi miaka ile, na maiti haisubiri mchungaji. Familia ilizika yenyewe, karani akasoma sala na kuimbisha. Mchungaji akifika, pengine baada ya miezi, aliongozwa hadi kaburini, akachota udongo kwa koleo mara tatu: umetoka udongoni, utarudi udongoni, utafufuka kutoka udongoni. Majani yameshaota juu yake, na mjane amesimama pale kana kwamba ni siku ya kwanza. Vivyo hivyo mtoto mgonjwa alibatizwa nyumbani na baba yake au na mkunga. Akipona, alipelekwa kwa mchungaji, naye hakubatiza mara ya pili. Aliuliza: nani alibatiza, kwa maji, kwa maneno gani? Majibu yakiwa sawa, aliuthibitisha ubatizo na kuuandika. Daftari la hapo huwa na tarehe mbili, usije ukadhani ni kosa la mwandishi.

Kipaimara kilidai mengi. Mtoto alitakiwa kujua Katekisimo Ndogo ya Luther, na juu yake maelezo ya askofu Pontoppidan ya mwaka 1737 yenye maswali 759. Wengi walisoma toleo lililofupishwa. Siku yenyewe walipangwa mstari sakafuni na kuulizwa mbele ya usharika mzima. Kilichoharibu si ugumu wa maswali. Masika yakianza, watoto wanahitajika shambani, kwa hiyo mwalimu wa dini alipata wiki chache tu za baridi, na kitabu kilikuwa kwa Kinorwei ilhali shule ya wilaya ilifundisha Kiingereza.

Fedha, sasa. Mapato ya mchungaji yalikuwa na mifereji mitatu: mshahara ulioahidiwa kwenye barua ya wito, sadaka za sikukuu tatu kubwa, yaani Krismasi, Pasaka na Pentekoste, na kitu kidogo kwa kila ubatizo, ndoa na mazishi. Sadaka ya sikukuu haikuwa na bahasha. Watu waliizunguka altare kwa mstari, kila mmoja akaweka mkono wake mezani, na aliye nyuma yako anaona ulichoweka. Ahadi zilivunjika kwa sababu fedha taslimu haikuwapo. Ardhi ya serikali iliuzwa dola 1.25 kwa ekari, na mkulima akishalipa hiyo mfuko umekauka. Anguko la fedha la 1857 liliwabana, na miaka ya 1870 nzige walikula ngano ya Minnesota msimu baada ya msimu. Hapo mchungaji alilipwa kwa nyasi kavu, shayiri ya farasi, kuni, na siku za kulimiwa shamba lake. Kwa hiyo soma barua yako ya wito mstari kwa mstari: nyumba, bima, usafiri, siku za likizo. Kisichoandikwa mwanzoni huwa vigumu kukidai baadaye bila kuonekana mroho.

Mwambie na mama mchungaji asome pamoja nawe. Elisabeth, mke wa Koren, aliandika shajara miaka yake ya mwanzo pale Iowa, na kinachojirudia humo ni kumngoja mume. Mwingine, Oline Muus, mke wa mchungaji Bernt Julius Muus aliyeanzisha shule iliyokuja kuwa Chuo cha St. Olaf, alimshtaki mumewe mwaka 1879 kwa kushikilia urithi alioachiwa na baba yake. Mume alijiona na haki kwa sheria ya Norwei, mke akasimamia ya Minnesota. Mahakama ilimpa mke sehemu tu, kwa kuwa muda wa kudai mengine ulikuwa umepita. Nyumba ile haikupona.

Kuna jambo moja nisilotaka ulisikie kwanza kutoka kwa mgeni. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimeanza, wachungaji wa Sinodi walitamka kwamba utumwa wenyewe, kwa asili yake, si dhambi. Waliogopa kusema zaidi ya walivyoona Maandiko yanasema, tena walimu wao wa teolojia walikuwa St. Louis, jimbo la Missouri lenye watumwa. Walei walikataa katakata, na mchungaji Claus Lauritz Clausen akaiondoa sahihi yake. Wakulima wasio na Kigiriki wala Kiebrania ndio waliosimama mahali sahihi, na wasomi wakakosea vibaya. Nalisema hilo bila kigugumizi.

Mwaka huohuo walianzisha shule yao, Luther College, kwanza Wisconsin, na mwaka 1862 ikahamia Decorah kwenye kiwanja alichokitafuta Koren. Ugomvi mwingine, wa uteuzi wa neema, yaani jinsi Mungu anavyowachagua watakaookolewa, ulipasua sinodi: mwaka 1887 karibu theluthi moja ilikuwa nje. Utakuta vijijini makanisa mawili ya Kilutheri yanayotazamana, na wajukuu wa pande zote mbili. Makubaliano yalipatikana 1912, muungano ukafuata 1917. Koren hakuuona. Aliongoza Sinodi tangu 1894 hadi alipofariki 1910, bado akiwa mchungaji wa Washington Prairie, miaka 57 katika wito uleule.

Elisabeth alifariki 1918. Mwaka huo gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, hata kanisani. Wazee waliojua kuungama kwa Kinorwei tu walinyamazishwa katikati ya ibada yao. Ukisikia mzee wa usharika wako anasema bibi yake alikuwa akisali kwa kunong'ona, usipite haraka, mwulize.

Nyumba ya Egge ipo hadi leo, katika makumbusho ya Vesterheim, Decorah mjini. Ukifika, pima kwa hatua zako mwenyewe, halafu waambie washirika wakuonyeshe madaftari ya zamani. Angalia zile tarehe mbili za ubatizo, na utafute jina la aliyebatiza nyumbani, kama limeandikwa. Ukilipata, niandikie.

Nisalimie sana mama mchungaji na watoto.

Mjomba wako