Redio za huku zituletee igizo la kihamba

Mhariri naomba nafasi kidogo. Kila nikifungua redio hapa Moshi nakutana na tangazo la nusu dakika kwamba mwanamke naye ana haki ya kurithi ardhi, likiisha muziki unaendelea. Nia ni nzuri kabisa ila jamani, ni shemeji gani amewahi kumwachia mjane kihamba, yaani shamba la ukoo la kurithiana, kwa ajili ya tangazo?

Wa rika langu mnakumbuka igizo la Twende na Wakati la Redio Tanzania, lilianza 1993. Mkwaju dereva wa lori, wanawake kila anakopita, na mkewe Tunu yuko nyumbani anahangaika mpaka akaamua kusimama mwenyewe na biashara yake. Watu walikuwa wanamjadili Mkwaju kama jirani yao. Na matokeo yalipimwa, maana Dodoma igizo halikurushwa mpaka 1995 ili ilinganishwe na sehemu nyingine, na kule lilikosikika uzazi wa mpango uliongezeka na watu wakaanza kujikinga zaidi na UKIMWI, afu Dodoma walipoanza kulisikia mabadiliko yakaonekana na huko.

Mtindo wenyewe ulitoka Mexico miaka ya 70, kwa mtayarishaji wa tamthilia za televisheni Miguel Sabido. Anakuwepo mtu mwema, anakuwepo mbaya, na anakuwepo anayeyumba katikati, na huyu anayeyumba ndo anabeba kila kitu maana msikilizaji anajiona ndani yake, akikosea anaumia naye akibadilika anabadilika naye. Tangazo la nusu dakika halina nafasi ya mtu kuyumba.

Sasa kwetu huku ishu ni kihamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imesema wazi mwanamke ana haki sawa na mwanaume kupata na kumiliki ardhi, lakini mume akishazikwa tu ukoo unakaa kikao na mjane anaambiwa asubiri nje, na binti aliyemuuguza mama yake miaka yote anaambiwa wewe utaolewa, kihamba ni cha kaka zako. Inauma sana.

Ombi langu kwa redio za Moshi na Arusha, andikeni igizo la mwaka mzima, mara mbili kwa wiki, waigizaji wa huku huku wanaoongea kama sisi. Na tafadhali anayeyumba asiwe mjane, yeye haki yake anaijua. Awe shemeji, mtu mzuri tu anayempenda marehemu kaka yake na watoto wake ila anaogopa wazee wa ukoo watamwonaje, kwa sababu kwenye vikao watu kama yeye ndo wengi na ndo wananyamaza. Kila sehemu ikiisha simu zifunguliwe, awepo mwanasheria wa kujibu watu.

Hela nadhani zipo, mashirika yanayolipia yale matangazo yakae na redio wazungumze. Ianze Januari ili mambo yaive Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani kutoka Dar na kwingine, maana vikao vingi vya ukoo na ugomvi wa mipaka ndo hufanyika kipindi hicho, na hao wa mjini nao ndo wenye sauti. Naomba mameneja wa vipindi wajibu hapa hapa gazetini kama wako tayari.

Msomaji wako,
Kiborloni, Moshi