Barua kwa Bahati: hiyo Mi 8 itoe nje kwanza

Bukavu, Ibanda

Ndugu Bahati,

Jambo sana. Habari za Goma, mama na watoto wako salama? Huku mvua na matope tu, mengine mazuri.

Umeuliza kama ile telefone Xiaomi Mi 8 uliyoonyeshwa mtaa wa Birere itafaa kwa kazi yako ya kuchukua nukta za mashamba ya kahawa, yaani namba za mahali yalipo kwenye ramani, upande wa Minova na Idjwi. Itafaa. Ila usitoe hata dola moja kabla hujaipeleka nje, mahali peupe, ukakaa nayo robo saa. Telefone ya mtumba inaweza kupiga na kupokea vizuri, kamera safi, sauti safi, na huku GPS yake, ile inayojua mahali ulipo kwa setilaiti, ilikufa zamani bila hata anayeiuza kujua.

Ilitoka mwaka 2018, na ndiyo telefone ya kwanza kuuzwa ikiwa na kipokezi cha setilaiti cha bendi mbili, yaani masafa mawili ya mawimbi. Za kabla yake zilisikiliza bendi moja, L1, yaani megahezi 1575.42. Hii inasikiliza na L5, megahezi 1176.45. Faida iko hapa: wimbi la setilaiti likigonga ukuta au bati linaruka, linafika kwenye antena limechelewa, na telefone inahesabu kwamba setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Ndiyo sababu nukta yako inahama avenyu nzima wewe ukiwa umesimama. Msimbo wa L5 unakwenda kasi mara kumi kuliko ule wa kawaida wa L1, kwa hiyo kipokezi kinaweza kutenganisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililozunguka. Kati ya mabati ya Birere, au chini ya mteremko kama wa Kadutu huku kwetu, hapo ndipo pesa ya ziada inapojilipa.

Kwenye majani lakini usiitegemee sana. Bendi mbili zinasaidia pale wimbi linaporuka, si pale linapozuiwa. Shamba la kahawa chini ya migomba iliyotoka kunyeshewa ni gumu kwa telefone yoyote ile, maana maji yaliyo kwenye majani ndiyo yanayomeza wimbi.

Sasa, angalia jina vizuri. Kuna Mi 8, kuna Mi 8 Lite, kuna Mi 8 SE. Hizo mbili za mwisho hazina L5, na muuzaji atakuambia zote ni kitu kimoja. Lite utaijua kwa kamera zake za nyuma zilizolala sambamba. Za Mi 8 zimesimama, moja juu ya nyingine. SE nayo kamera zimesimama, ila ni ndogo zaidi mkononi, kioo chake hakifiki inchi 6, wakati cha Mi 8 ni inchi 6.21. Kuna pia zilizotengenezwa kwa soko la China kisha zikabadilishwa programu. Ukiiwasha ukaona alama ya kufuli iliyofunguliwa kwenye kioo cha mwanzo, jua kuna mtu aliyepita mle ndani. Si lazima iwe mbovu, lakini bei ishuke.

Kuipima, pakua programu inayoitwa GPSTest, ni ya bure. Usiipime ndani ya duka wala chini ya baraza ya bati. Shuka ziwani, mahali ambapo anga iko wazi pande zote. Weka telefone katika hali ya ndegeni, kisha uhakikishe mahali, ile "localisation", imewashwa. Hapo haina rezo ya simu wala Wi-Fi ya kuidanganya, inabaki na setilaiti peke yake. Ilaze kiganjani, kioo kikiangalia juu, usitembee. Kila setilaiti inatuma habari za njia yake kwa mzunguko wa sekunde 30, na telefone inahitaji setilaiti nne: tatu za kupata mahali, ya nne ya kusahihisha saa yake. Kwa hiyo dakika moja au mbili ni kawaida. Ikipita dakika tano chini ya anga safi, irudishe kwa mwenyewe.

Ikishashika, angalia safu ya nguvu ya wimbi, ile yenye alama C/N0. Setilaiti zilizo juu ya kichwa chako zinatakiwa kuwa kati ya 35 na 45. Kama zote ziko chini ya 30 na hakuna mti wala nyumba karibu, antena ina shida. Mara nyingi ni telefone iliyobandikwa kioo kipya cha nyuma au batri mpya: vile vigusio vidogo vya chuma vinavyounganisha antena na ubao wa ndani vimepinda, au havikurudi mahali pake. Fundi mwenye mkono mzuri anavirekebisha, lakini hiyo si kazi ya kulipia wewe.

Kisha tafuta mistari ya L5 na E5a. E5a ni bendi hiyohiyo ya L5 kwa upande wa Galileo, mtandao wa setilaiti wa Umoja wa Ulaya, na utaiona zaidi kwa sababu setilaiti zote za Galileo zinaituma, wakati zile za GPS ya Marekani ni baadhi tu, kuanzia zilizorushwa mwaka 2010. Mistari hiyo isipotokea kabisa, huenda mbele yako si Mi 8, hata kama imeandikwa hivyo. Angalia na mwinuko: ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na wewe umesimama kando yake. Ikionyesha 1,440 au 1,480 usishtuke, kosa la juu na chini kwa kawaida ni kubwa kuliko la pembeni. Ikionyesha 1,300, kuna jambo.

Ukishanunua, kazi kubwa ni kuizuia isilale. Programu za Xiaomi zina tabia ya kuua chochote kinachofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa. Unazunguka shamba, telefone iko mfukoni, ukifika mwisho unakuta mstari mmoja mnyoofu umekata katikati ya migomba. Watu husema GPS mbovu. Si GPS, ni telefone iliyofunga programu. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya kurekodi njia, ruhusu ijiwashe yenyewe, kwenye uokoaji wa batri chagua isiwekewe kizuizi chochote, na ruhusa ya mahali iwe ya wakati wote. Halafu kwenye orodha ya programu zilizo wazi, ibonyeze kwa muda uifunge kwa kufuli. Ukiacha moja kati ya hayo manne, mstari utakatika tu.

GPS yenyewe haili unite wala mega, yaani salio wala data, telefone inasikiliza tu, haitumi kitu angani. Kinachokula mega ni ramani. Pakua ramani ya Kivu ukiwa kwenye Wi-Fi, kwa OsmAnd au Organic Maps, zote mbili zinafanya kazi bila rezo. Mi 8 haina mahali pa kadi ya kumbukumbu, lakini hata ile ya gigabaiti 64 inatosha kabisa kwa ramani. Na ukiwa karibu na mpaka zima data za nje ya nchi: telefone ikishika rezo ya Gisenyi bila wewe kujua, itamaliza unite. Rezo hiyohiyo inaweza kukuweka upande wa Rwanda kwenye ramani. Ukiona duara kubwa la bluu kuzunguka nukta yako, telefone inakisia kwa minara na Wi-Fi, bado haijashika setilaiti. Usirekodi kitu hapo.

Shambani, simama kwenye kona, inua telefone juu ya kichwa, usiibane kifuani maana mwili wa mtu nao ni maji, unazuia. Subiri sekunde 60 ndipo uhifadhi. Chini ya migomba subiri mara mbili ya hapo, au sogea kwenye uwazi wa karibu. Fanya kazi asubuhi ukiweza. Sisi tuko karibu na ikweta, na baada ya jua kuzama tabaka la juu la hewa huvurugika, mawimbi yanayumba; hata bendi mbili hazilifuti kosa hilo.

Usimwambie mkulima eneo la shamba lake kana kwamba umelipima kwa kamba. Chukua shamba la mita 50 kwa 50, mita za mraba 2,500. Ukikosea mita 3 tu kila upande, unaandika 53 kwa 53, yaani 2,809. Umemwongezea zaidi ya asilimia 12. Kwenye shamba la mita 200 kwa 200 kosa lilelile ni kama asilimia 3. Kwa bahati nzuri sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile inayowasumbua wanunuzi wako kuhusu misitu, inataka mpaka wote uchorwe pale tu shamba linapozidi hekta 4. Chini ya hapo nukta moja inatosha, na mashamba mengi ya kwetu hayakaribii hata hekta moja.

Sheria hiyo inataka latitudo na longitudo ziwe na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Ziandike zote, ila ujue ya sita ni sentimita 11, na telefone nzuri mahali peupe inakosea mita kadhaa. Ya tano, ambayo ni mita moja na kidogo, ndiyo mwisho wa ukweli wake. Kosa linalorudisha magunia ya kahawa haliko kwenye tarakimu ya sita, liko mwanzoni kabisa. Goma iko latitudo -1.67. Karani wako akisahau ile alama ya kutoa, nukta inavuka ikweta inaangukia Ituri, si mbali na Mambasa, katikati ya msitu. Akisoma digrii 1 na dakika 40 kisha akaandika 1.40, amekosea kilomita 30 hivi kuelekea kaskazini, ndani ya hifadhi ya Virunga, upande wa volkano ya Nyamulagira. Mnunuzi akiona kahawa inaota kwenye hifadhi hatauliza mara mbili, anakataa. Kwa hiyo weka programu zote katika digrii za desimali, na ukihamishia kwenye jedwali la kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa angalia mkato usichukue nafasi ya nukta ya desimali. Jedwali linaweza kuigeuza namba kuwa milioni au kuwa maneno tu. Njia rahisi ya kukagua: fungua nukta zote kwenye ramani moja kabla ya kutuma. Iliyopotea inaonekana yenyewe.

Kuhusu barabara sina mengi. Ukiiambia ikupeleke Bukavu inaweza kukupitisha Rwanda, Kibuye mpaka Cyangugu, kwa sababu inaona lami. Weka vituo kwa mkono: Sake, Minova, Nyabibwe, Kalehe, Katana, Kavumu. Saa itakazokuambia usizihesabu, haijui matope. Na barabara za kaskazini ya mji zilizokatwa na lava ya volkano ya Nyiragongo ya Mei 2021, angalia ramani yako ni ya lini. Lava hiyo ina jambo lingine: mawe yake yana sumaku, dira ya telefone inapotea ukiwa juu yake, kama inavyopotea kwenye kava lenye kifungo cha sumaku. Mshale ukigeuka ovyo, tembea hatua ishirini. Mwendo wako ndio utakaoiambia GPS mwelekeo.

Jambo la barieri, vile vizuizi vya barabarani: njia zilizorekodiwa zihamishe nyumbani kila jioni kisha uzifute kwenye telefone. Mstari unaozunguka vilima siku tatu, wewe unaona kahawa, mwingine anaona kitu kingine.

Batri ni miliamp-saa 3,400 ilipokuwa mpya. Hiyo ya Birere si mpya. Iache irekodi njia saa moja kioo kikiwa kimezimwa, nukta moja kila sekunde 5, uone imeshuka asilimia ngapi. Ikipita 10, toa bei ya batri mpya kwenye bei yake. Benki ya chaji ya 10,000 itaijaza karibu mara mbili, si tatu, maana nyingine inapotea kwenye joto na kubadilisha volti. Nyuma ni kioo, haijahakikishwa kuvumilia maji, na mawe ya Goma unayajua: nunua kava la mpira kabla ya kitu kingine, na kwenye pirogi, yaani mtumbwi, ya Idjwi ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, inasoma setilaiti bila shida kupitia mfuko. Kama safari zako ni za siku nne tano bila umeme, mimi ningechukua kifaa cha GPS cha mkononi cha betri mbili ndogo, mfano wa Garmin eTrex, hata kama kioo chake kinachosha macho. Kwa safari ya siku moja, telefone inatosha.

Ukifika ziwani na hiyo telefone, nitumie picha ya kioo cha GPSTest kabla hujalipa. Nataka kuona safu ya C/N0 na hiyo mistari ya L5, na muuzaji akikataa kutoka nje ya duka, basi rudi nyumbani.

Wasalimie wote.

Ndugu yako,
Amani