Mwanaidi, nisaidie kumzuia Elia

Kiusa, Moshi
Jumatano usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu sana, na za wote hapo Chumbageni. Mama anakusalimu, anasema nikwambie ile samli ilifika. Samli gani sijui, mtajuana wenyewe. Nimekaa kimya mno tangu Pasaka, najua, utanigombeza tukionana. Leo nina shida ya haraka: Jumatatu anaingia fundi na galoni la asidi.

Unavikumbuka vigae vya sakafu ya sebuleni, vile vya maua ya bluu na njano? Kaka Elia anataka ving'ae kabla ya sendofu ya Neema. Kaona video ya nyumba za kizamani huko Uingereza, mtu anamwaga dawa, anasugua, weusi wote unaondoka na maji. Kanitumia mimi, kamtumia fundi, na hela keshatuma. Fundi naye ana lake: asidi ikishapita, apige vanishi, "idumu".

Sasa hapo ndipo ninapochoka. Vigae vya Waingereza, vya kina Minton wa Stoke-on-Trent, ni udongo uliochomwa kwenye tanuri. Vyetu havijaona moto. Ni saruji iliyogandamizwa kwa mashine, na ile rangi ni tabaka la milimita chache tu juu. Asidi inakula saruji! Nilimwambia Elia kwenye simu, akanijibu mbona mafundi wote wanaoshea vigae kwa asidi. Nikachukua kipande kilichovunjika kule stoo, nikakidondoshea siki ya kachumbari. Kikaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, na nilipofuta pakabaki doa lililofifia, ukubwa wa sarafu. Hiyo ni siki tu, shoga. Nikapiga picha, nikamtumia. Kanirudishia dole gumba.

Halafu hicho wanachokiita uchafu, kingi chake si uchafu. Ni ule unga mweupe juu ya vigae vya karibu na ukuta wa upande wa bustani. Ukiufuta leo, baada ya siku mbili tatu uko pale pale. Nikauonja (usicheke), chumvi tupu. Hapo tuko sawa na hao Waingereza: sakafu zao za zamani hazikuwekewa nailoni chini, na yetu vilevile. Unyevu unapanda, maji yanakaukia juu ya kigae, chumvi inabaki. Na Mama kwa mapenzi yake ya maua kajaza udongo nje mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani, na gata imetoboka papo hapo. Ukishapiga vanishi, huo unyevu utokee wapi? Chumvi itajazana chini yake, ibandue rangi yote. Dalili tumeshaziona: tulipokunja lile kapeti la plastiki, chini vigae vimeloa, uvundo mtupu.

Mimi chumba cha Mama nimekisafisha bila asidi wala vanishi. Fagio laini kwanza, maana mchanga ndio unaokwaruza. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, ndoo moja ya kuoshea, nyingine ya kusuuzia, kipande kwa kipande, na tambara kavu papo hapo. Siyo kumwaga ndoo nzima na kuisukuma kwa fagio la chelewa anavyopenda Fausta, ambaye ukimgusa kwa hilo ananuna mpaka Jumapili. Nta ya mishumaa niliibandua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Ile polishi nyekundu ya miaka yote ilitoka kwa tapentaini, madirisha yote wazi. Having'ai kama vya ukumbini. Lakini Mama alipoingia alivua kandambili mlangoni, mwenyewe, bila kuambiwa.

Hela ya vanishi ingetosha kuziba gata na kumlipa mtu ashushe ule udongo. Nimemwambia Elia hivyo hivyo. Ila mimi ni mdogo wake, na mdogo kwa Elia hana hoja. Wewe anakuogopa tangu yale mambo ya daladala ya Himo. Mpigie basi, mwambie asidi isiingie ndani, hayo mengine tutabishana baadaye.

Na ile nyumba ya jirani na Bi Zuhura, pale Ngamiani, bado wanaibomoa? Vigae vyake wanavitupa au wanauza? Vyetu ni sentimita 20 kwa 20. Unaweza kuniokotea hata vichache, vya maua yoyote, nizibie pale mlango wa jikoni? Yule fundi wa mjomba wako yupo, au ndiyo kahamia Pemba moja kwa moja? Na sendofu unakuja, au nianze kusikiliza visingizio? Mguu wa Shemeji je, unaendeleaje?

Elia mpigie kabla ya Jumamosi, jioni akishakula. Akiwa na njaa hasikii la mtu.

Wako,
Aneth