Wanaosoma umeme Marekani, hesabu msiiruke

Mhariri, salamu na pole na kazi. Naomba nafasi niongee na vijana wetu wanaosoma uhandisi wa umeme huko Marekani, maana vyuo vya kule vingi vinaruhusu kuchanganya fani mbili na naona wengi wanakimbilia kompyuta tu kwa vile kila mtu anasema ndo kuna hela. Mi nasema angalieni hesabu kwanza. Mtu wa umeme tayari anapigishwa kalkulasi, matriksi na probabiliti, kwahiyo akiongeza hesabu haanzi sifuri, zinabaki kozi za juu ambazo nyingi ni za kuthibitisha, sio kukokotoa tena, na hapo ndo pagumu kweli. Ila faida ipo, ukikutana na Fourier (njia ya kuivunja ishara kuwa mawimbi rahisi) kwenye somo la mawasiliano unajua kwanini inafanya kazi, hukariri fomula.

Kama mtu anataka kurudi nyumbani afanye kazi kwenye gridi, huyo ningemwambia uchumi. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2115, sasa kuzalisha ni kitu kimoja, nani anunue, kwa bei gani, saa ngapi, hayo hayamo kwenye kitabu cha saketi jamani!

Na nyie wazazi, kabla hamjasema ndio, mwambieni mtoto amuulize mshauri wake wa masomo ni kozi ngapi zinahesabika pande zote mbili, maana zikiwa chache mtalipa ada ya mwaka mwingine mzima.

Msomaji wenu, Dar es Salaam