Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maji ya Machimboni

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atawasomea mhazini. Mimi muda wangu nautumia kwa jambo moja, maji.

Masika iliyopita bwawa letu la tope, ambamo maji ya machimbo hutuama kabla ya kutoka, lilifurika. Siku ya tatu ya mvua, mama mmoja anayelima bondeni alikuja ofisini na chupa ya maji aliyoyachota shambani kwake. Hakugomba. Aliiweka mezani, akaondoka. Kesho yake mchanga ulikuwa umetuama chini, unene wa kidole, lakini juu maji yalikuwa meupe kama tui. Siku mbili baadaye bado yalikuwa tui.

Mchanga huzama mara moja. Punje laini za udongo, zile za milimita 0.002, huchukua kama siku 3 kushuka mita 1, tena maji yakiwa yametulia kabisa. Bwawa letu lilikuwa limejaa tope la mwaka mzima, hivyo maji yaliingia huku na kutokea kule bila kupata nafasi ya kutulia. Kosa ni langu. Niliahirisha kuzoa tope ili tuwahi oda ya kokoto. Yule mama tumemwomba radhi na kumzibulia mtaro, ila mahindi yaliyofukiwa ndiyo yamekwenda.

Tangu hapo tumechimba mtaro wa kukinga juu ya shimo, mvua ya mlimani ipite pembeni. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya mwaka, maana maji yasiyogusa vumbi la mawe hayahitaji bwawa. Bwawa lenyewe tumelifanya mawili: la kwanza linapokea mchanga, la pili tope laini, na maji ya juu yanarudishwa kwa pampu kuoshea mchanga. Dizeli sasa inajaziwa kwenye sakafu ya zege yenye kingo.

Wapo wanaosema mto uko mbali, sheria ya mazingira ya 2004 inataka tukae mita 60 tu kutoka mtoni. Ndugu zangu, mtaro wetu unaishia mto Mkulumuzi, na Mkulumuzi unaingia baharini hapa hapa Tanga, penye mikoko na wavuvi.

Bwawa la kwanza limeshajaa nusu. Naomba mkutano upitishe siku mbili za kazi kwa kila mwanachama kabla ya Machi, na tope likamwagwe shimo la zamani, si ukingoni, ambako mvua ya kwanza italirudisha bwawani.

Mwenyekiti,
Tanga