Sehemu inayokulinda iombwe ruhusa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Siku hizi hapa Dar nasikia watu wengi wanajaribu kwenda kwa wataalamu binafsi wa tiba ya mazungumzo, mi mwenyewe nimo, ila naowajua wengi wanaenda mara mbili tatu wanaacha, ukiwauliza wanakwambia yule dada haniambii cha kufanya, anauliza tu maswali ya ajabu, mara hisia iko wapi mwilini, mara iulize inaogopa nini. Nawaelewa kabisa maana na mi nilishaacha. Shida ni kwamba hakuna anayekwambia mapema ukifika pale utakutana na nini.

Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Tabata. Mama yangu alipofariki nikaanza kuamka saa tisa usiku, nakaa sebuleni na daftari la madeni napiga hesabu zilezile, halafu asubuhi nawafokea watoto, kijiko kikianguka tu nyumba nzima inajua. Shangazi akasema ni mashetani ya ukoo, nipelekwe Tanga. Shoga yangu ndo akanipa namba ya mtaalamu wa saikolojia anayefanya hii tiba ya "sehemu".

Jambo lenyewe si geni kwetu. Kila siku tunasema nafsi inanisuta, roho inataka ila moyo unakataa, yaani tunajua kabisa ndani ya mtu mmoja kuna wanaovutana. Aliyeifanya kuwa tiba ni Mmarekani Richard Schwartz, miaka ya 1980, alikuwa anatibu familia, akawa anawasikiliza wagonjwa waliokuwa na matatizo ya ulaji wakisema sehemu yangu inataka hivi, nyingine inapinga, akaona hizi sehemu zinaishi kama watu wa nyumba moja. Kwa kifupi inaitwa IFS, yaani Internal Family Systems, mfumo wa familia ya ndani. Ziko sehemu zinazopanga na kudhibiti kila kitu ili usiumie, wanaziita mameneja. Ziko za zimamoto, maumivu yakishalipuka zinakimbilia chochote cha kuyazima, pombe, kula, kushinda kwenye simu. Na ziko zile zilizobeba maumivu ya zamani, zimefungiwa huko ndani zisionekane. Halafu upo wewe mwenyewe, mtulivu, unayeweza kuzisikiliza zote. Hakuna sehemu inayofukuzwa. Na hakuna jini anayepandishwa kichwani.

Sasa mtaalamu wa kwanza, simtaji, siku ya kwanza tu akaniambia nifumbe macho nimtafute mtoto aliyeumia. Nikampata, ndiyo. Nikalia mpaka muda ukaisha, akasema dakika zetu zimekwisha tuonane wiki ijayo. Nikapanda basi la mwendokasi kituo cha Morocco nirudi dukani, kituo cha Msimbazi nikapitiliza nikajikuta Gerezani, sijui hata nimefikaje. Siku tatu sikufungua duka. Nikasema hii kitu siirudii tena.

Miezi ikapita, hesabu za usiku zikazidi, nikaenda kwa mwingine, dada mmoja ana ofisi Mikocheni. Huyu hakugusa utoto kabisa. Alianza na yule anayeniamsha.

"Mama, huyu wa saa tisa usiku, unamwonaje?"

Nikamwambia namchukia.

"Sawa. Hiyo chuki nayo ni sehemu nyingine, tuiombe isogee pembeni kidogo. Sasa hivi unamwonaje?"

Tukakaa kimya. Feni inazunguka, nje kuna muuza samaki anapita anaita. Nikamsikia hapa kifuani, kama mtu kaniwekea jiwe la kusagia, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, maana alikuwa amechoka kweli. Akaniambia nimuulize akiacha kupiga hesabu anaogopa nini kitatokea. Sikusikia sauti yoyote, lilikuja tu wazo: tutatolewa vitu nje tena.

Nilikuwa darasa la nne, Temeke, baba kaachishwa kazi, mwenye nyumba akatoa vyombo vyetu nje mvua inanyesha. Mama alishika sufuria lenye wali nusu, kalifunika na kanga, hataki uingie maji. Lile sufuria nilikuwa nimelisahau kabisa.

Na hata hapo yule dada hakukimbilia huko. Alimuuliza kwanza yule wa daftari kama yuko tayari tuende, akakataa, basi wiki ile hatukwenda. Ilichukua karibu miezi miwili. Mhariri, hiki ndicho nataka wasomaji wakijue. Kwenye tiba hii sehemu zinazokulinda ndizo zinaombwa ruhusa kwanza, huendi kwenye kidonda kwa kuzivunjia mlango, na mtaalamu anayekuburuta siku ya kwanza mwambie hapana, una haki hiyo.

Kwahiyo tegemea kikao cha kama dakika 50, mara moja kwa wiki, mi nalipa elfu sitini na naujua uchungu wake, ni faida ya vitenge kadhaa. Hutapewa ushauri mwingi. Kuna kimya kirefu. Kufumba macho si lazima. Kuna siku utatoka mzito kuliko ulivyoingia, hiyo siku usiipangie mambo mengi, ila mtaalamu mzuri anaacha muda wa kukutuliza kabla hujasimama, hakutoi mlangoni unalia. Siku ya kwanza muulize amesomea wapi, njia hii amefundishwa na nani, nani anamsimamia, siri zako zinakaa wapi, na ukizidiwa usiku unampigia nani. Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.

Utafiti upo lakini bado mchache, nisidanganye. Kuna mmoja wa Marekani uliotoka 2013, wagonjwa 79 wa baridi yabisi, waliopitia tiba hii walipata nafuu ya maumivu ya viungo na dalili za sonona. Ni wachache hao. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayefikiria kujiua, asianzie hapa, aende hospitali aonane na daktari wa magonjwa ya akili, Muhimbili wapo, na kama una dawa usiziache kwa sababu mtu wa mazungumzo kakwambia.

Shangazi bado anasema Tanga, namheshimu, sibishani naye. Yule wa saa tisa bado anakuja, mara moja moja, namwambia nimekusikia, kodi imelipwa mpaka Juni, na mara nyingi tunarudi kulala. Watoto wenyewe wameona tofauti, mdogo juzi kaangusha kikombe kikavunjika akanitazama usoni kwanza, nikamwambia lete ufagio.

Ombi langu Mhariri, ukurasa wenu wa afya umwite mtaalamu aliyesomea aeleze haya kwa Kiswahili, na bei aseme, watu wajue kabla hawajatoa hela yao.

Mfanyabiashara wa vitenge,
Tabata, Dar es Salaam