Ile homoni ya saa tisa usiku

Tanga, 9 Machi

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema unashtuka saa tisa usiku ukiwaza salio la duka lako la kutuma na kutoa pesa kwa simu, na unauliza kama ununue vile vidonge vya "kushusha kotisoli", ile homoni ya msongo wa mawazo, unavyotangaziwa kwenye simu. Usinunue. Huo "uchovu wa tezi" wanaodai vinautibu, madaktari wa homoni hawautambui kuwa ugonjwa, na baadhi ya vidonge hivyo vilipopimwa vilikutwa na homoni yenyewe ndani.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Mteja akikupigia kelele kwamba hela haijaingia, tezi hizo humwaga adrenalini papo hapo: moyo unadunda, viganja vinalowa jasho. Hiyo hupita upesi. Kotisoli huja nyuma yake na kufika kileleni baada ya dakika 20 hadi 30. Huliamuru ini litoe sukari ili misuli ipate nguvu za kukimbia au kupigana. Sasa wewe hukimbii wala hupigani, umekaa kwenye kiti cha plastiki unahesabu noti. Sukari inakosa wa kuitumia, insulini inapanda ili kuiweka akiba, na hali hiyo ikiendelea miezi na miezi mafuta hujazana tumboni. (Chapati za saa nne usiku nazo zina mkono wao, tusizisingizie homoni peke yake.)

Lakini kotisoli si adui. Ndiyo inayousaidia mwili kuamka na kuchangamka. Huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, huanza kupanda kuanzia saa nane au tisa, na hufika juu kabisa kama nusu saa hivi baada ya kuamka. Ndiyo maana unashtuka saa tisa: usingizi wa saa hiyo ni mwepesi, homoni imeanza safari yake, na akili inakumbuka salio lililopungua. Kisha unawasha simu kuangalia salio! Hapo umeuambia mwili kumekucha.

Kwa hiyo hesabu zifungwe dukani, si kitandani. Pungufu liandike kwenye daftari pamoja na utakachofanya kesho: kumpigia nani, saa ngapi. Simu ilale chumba kingine. Ukishtuka, usiangalie saa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, dakika tano au kumi. Ile ya kutoa ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usiifanye fupi. Asubuhi, kabla ya kufungua, tembea nje dakika 20 kwenye mwanga, kwa sababu mwanga ndio unaoipanga upya saa ya mwili.

Kahawa ya kijiweni sikunyimi, ila kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Nguvu yake hupungua nusu kwa kama saa tano, kwa hiyo ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado imo mwilini.

Presha ya 148 kwa 94 uliyopimwa umesimama, huku unaongea na mteja, siihesabu. Pima hivi: nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kubeba mizigo. Nenda haja kwanza. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu usiipishanishe, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya nguo. Pima mara mbili, katikati upumzike dakika moja, asubuhi na jioni kwa siku saba. Za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, nenda kwa daktari na karatasi yako. Ikigonga 180 kwa 120 na kifua kinauma au mkono umekosa nguvu, usisubiri kukuche.

Sasa hayo mafuta ya uso. Umesema yanang'arisha ndani ya wiki moja. Mengi ya namna hiyo yana clobetasol au betamethasone, ambazo ni jamaa wa kotisoli, tena wenye nguvu kuliko kotisoli yenyewe. Hupenya ngozi na kuingia damuni. Ubongo ukiona homoni tele, huacha kuziamuru tezi, nazo husinyaa. Uso huwa wa mviringo, presha na sukari hupanda, ngozi hupata michirizi mipana ya zambarau, mapaja hulegea hata kuinuka kitini ni kazi. Nusu ya hayo umeyataja katika barua yako ukadhani yanaletwa na uchovu wa dukani.

Ila kama umeyapaka mwilini kwa miezi, usiyaache ghafla. Tezi zilizolala haziamki siku moja, na unaweza kutapika, kulegea na presha kuanguka. Nenda na kopo hospitali, wakupangie namna ya kupunguza. Vidonge vya prednisolone vya magoti ya mama navyo ni hivyo hivyo: akivimeza zaidi ya wiki tatu, asivikatishe mwenyewe.

Nipigie picha kopo hilo pande zote, hasa pale penye maandishi madogo, uniletee leo hii.

Wasalimie wanao,
Shoga yako